Chini kimeandikwa 1968: je, kigari hiki ni cha mwaka huo kweli?

"Shikamoo mtaalamu. Kaka yangu anayeishi Leicester, Uingereza, alipokuja likizo aliniletea boksi la vigari vya chuma alivyonunua kwenye soko la vitu vilivyotumika. Vyote ni vya ajabu, utadhani ni magari ya mwaka 3000. Kimoja kina injini mbili mbele; chini kimeandikwa Hot Wheels, Twin Mill, na mwaka 1968. Rangi yake ni kijani ya kung'aa lakini imeanza kuingia madoa meusi. Cha pili ni kirefu, rangi ya fedha, kimeandikwa Dinky Toys. Hiki kina nyufa nyembamba na kimeanza kupinda, na hakuna aliyekiangusha. Cha tatu ni Matchbox bapa sana, kimeandikwa Alfa Carabo. Mtu mmoja hapa Tanga anataka kuvinunua vyote leo leo kwa laki mbili, anasema magari ambayo hayajawahi kuwepo duniani hayana soko. Mwingine ananiambia 1968 ni mali, nisubiri mamilioni. Naomba unisaidie: hicho chenye nyufa kitaambukiza vingine? Nivipige rangi upya? Nimevihifadhi kabatini pamoja na tembe za kufukuzia mende, inatosha? Na mwanangu wa miaka miwili anavipenda mno, nimwachie avichezee?"

Marahaba. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo pekee lisiloweza kusubiri hadi kesho. Usimwachie. Vigari vya zamani vilipakwa rangi katika miaka ambayo madini ya risasi yaliruhusiwa kwenye rangi kwa kiwango kikubwa kuliko sasa. Marekani iliweka kikomo cha asilimia 0.06 mwaka 1978, ikakishusha hadi asilimia 0.009 mwaka 2009. Kigari kilichotengenezwa kabla ya hapo hakikubanwa na kanuni hizo, na kwa kukitazama tu huwezi kujua rangi yake ina nini. Mtoto wa miaka miwili kila kitu hukipeleka mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima. Madhara yake huingia kwenye ukuaji wa ubongo, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kuwa salama. Ongeza na hatari ya magurudumu na vipande vidogo vinavyoweza kung'oka na kumkaba.

Kama ameshavilamba au kuvitafuna, usingoje dalili, kwa sababu mara nyingi hazionekani. Mpeleke hospitali, Bombo au kwingine, umweleze daktari wazi kwamba mtoto amekuwa akiweka mdomoni vitu vya zamani vyenye rangi, na uulize juu ya kipimo cha risasi kwenye damu. Huenda kipimo hakifanyiki hapo hapo na damu ikapelekwa maabara nyingine. Uliza tu, wala usione haya. Wewe nawe nawa mikono kila unapomaliza kuvishika. Mtoto mnunulie kigari kipya kinacholingana na umri wake, atakipenda vilevile.

Sasa tuje kwenye kile kirefu cha fedha, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye habari nzito kuliko vyote ulivyonitajia. Kwa maelezo yako huenda ni Thunderbolt, ingawa nisingeapa bila kukiona. Thunderbolt lilikuwa gari la kweli la kuvunja rekodi ya mwendo. Mwingereza George Eyston aliliendesha kwenye tambarare za chumvi za Bonneville, jimbo la Utah, na mwaka 1938 akafikisha takriban kilomita 575 kwa saa. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, iliyokuwa ikitengeneza Dinky Toys, ilitoa kigari chake mwaka huohuo. Kwa watoto wa wakati ule, kesho ilikuwa na sura hiyo: mwili mrefu uliolainishwa upepo uteleze, na pezi nyuma.

Nyufa zake hazikuletwa na Tanga. Vigari hivi tunaviita vya chuma kwa mazoea, lakini havina chuma ndani ya mwili. Ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu kiasi cha asilimia 4, pamoja na shaba na magnesiamu kidogo. Mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi joto zisizofika 400, ukasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu la chuma kigumu na kuganda mara moja. Unapoganda hujipanga chembechembe, kila chembe imebanana na mwenzake. Ikiwa risasi, bati au kadimiamu imeingia kwenye chungu cha kuyeyushia, hata kwa kiasi kidogo mno, uchafu ule haukai ndani ya chembe. Hujikusanya kwenye mipaka kati ya chembe na chembe. Unyevu wa hewa ukipenya hapo, mipaka huanza kuliwa, na kinachozalishwa na kuliwa huko huchukua nafasi kubwa kuliko madini yaliyokuwepo. Ndiyo maana kigari huvimba, hupinda, kisha hupasuka kutokea ndani. Fikiria ukuta wa mawe ambao chokaa iliyoyashika mawe imeoza: mawe yenyewe ni mazima, na ukuta unaanguka.

Vigari vingi vya Dinky vya kabla ya Vita Kuu ya Pili vina kasoro hiyo, kwa sababu usafi wa madini haukudhibitiwa vya kutosha viwandani. Viko na vya miaka ya karibuni vilivyopatwa, ila ni vichache.

Kwa hiyo, kuambukiza hakuna. Kasoro ilizaliwa siku kigari kilipotoka kwenye kalibu, na kisichozaliwa nayo hakitaipata hata wakilala kitanda kimoja. Watu huamini inaambukiza kwa kuwa huona vigari kadhaa vya boksi moja vikipasuka pamoja. Aghalabu vilitengenezwa kwenye kiwanda kimoja, kwa madini yaleyale machafu, kisha vikakaa kwenye unyevu uleule. Lakini lazima nikwambie na upande wa pili: dawa yake haipo. Gundi, mafuta, rangi, vanishi, vyote vitafunika nyufa na kuziacha ziendelee chini yake. Unachoweza ni kupunguza mwendo wake kwa kukiweka pakavu, penye joto lisilopandapanda. Usikishike kwa kukibana katikati. Kitandikie kitu laini kinachobeba urefu wake wote, maana magurudumu pekee yatakuacha na vipande viwili. Ukikuta unga mweupe juu tu, bila ufa wala uvimbe, hiyo ni kutu ya kawaida ya zinki na haina maana kwamba kigari kinakufa.

Twin Mill sasa. Mwaka ulioandikwa chini ya kigari cha Hot Wheels ni mwaka wa haki ya ubunifu wa umbo lile. Hauelezi siku kigari chako kilipotoka kiwandani. Twin Mill lilibuniwa na Ira Gilford akiwa Mattel, kampuni ya Marekani inayotengeneza Hot Wheels, na likaingia madukani mwaka 1969, kwa hiyo hata kile cha kwanza kabisa mwaka wake wa chini unatangulia mwaka wa kuuzwa. Kisha umbo lilipendwa. Limerudiwa mara nyingi hadi karne hii, na mwaka wa zamani huweza kuachwa palepale kwenye vya marudio. Huyo anayekwambia usubiri mamilioni kwa sababu ya tarakimu nne anakupa matumaini yasiyo na msingi.

Tazama vitu vingine. Geuza kigari, chukua kioo cha kukuzia, soma nchi kilikotengenezwa. Miaka ile ya mwanzo Hot Wheels zilitoka Marekani na Hong Kong. Ukisoma Malaysia, Thailand au China, ni cha marudio, mjadala umekwisha, na bado ni kigari kizuri cha kuweka. Ukisoma Hong Kong au Marekani, endelea na magurudumu: tangu 1968 hadi 1977 yalikuwa na mstari mwembamba mwekundu kuzunguka tairi, ndiyo maana wakusanyaji huviita vya mstari mwekundu. Mstari huo pekee hauthibitishi kitu, kwani Mattel imeurudisha kwenye matoleo ya baadaye yanayolenga wakusanyaji. Halafu rangi. Kuanzia 1968 hadi 1972 vilipakwa rangi angavu inayopitisha mwanga, juu ya madini yaliyong'arishwa, hivyo mng'ao unatoka chini ya rangi. Mwaka 1973 wakahamia rangi nzito ya kawaida. Nchi, tairi na rangi vikikubaliana, hapo una sababu ya kufurahi.

Jambo jingine la kuchungulia ni ribiti zinazoshika tumbo na mwili. Kichwa cha ribiti kilichotobolewa kwa keekee, au skrubu mahali pa ribiti, ni alama kwamba mtu amekifungua, na anayefungua kwa kawaida amepaka rangi upya au amebadilisha magurudumu. Hakuna ubaya kukirembesha kigari chako. Ubaya ni kukiuza kama hakijaguswa.

Hayo madoa meusi yasikutie hofu. Kwa kuwa rangi ile inapitisha mwanga, unachokiona ni madini ya chini yakibadilika rangi kwa hewa na unyevu uliopenya taratibu. Uchafu ungekuwa juu na ungetoka. Hili liko ndani. Watu hukifuta kwa dawa ya meno, kwa majivu, kwa polishi ya magari, na kila wanachofanikiwa kukiondoa ni rangi yenyewe. Burashi laini kavu ya kupangusa vumbi inatosha.

Kutokana na hapo jibu la kupiga rangi upya umeshalihisi: hapana. Mjuzi wa mambo haya akikuta rangi ya asili iliyochakaa na rangi mpya inayometameta, huchukua iliyochakaa bila kufikiri mara mbili, kwa sababu rangi mpya imefuta ushahidi wote niliokueleza. Mbali na thamani kuna afya. Kupiga msasa rangi ya zamani ndani ya nyumba yenye mtoto ni kumtawanyia vumbi ambalo hapo juu nimekuomba umwepushe nalo, na baadhi ya dawa kali za kutolea rangi zinadhuru mapafu na ini. Ukitamani sana kujifunza kupaka, nunua kigari kipya cha bei ndogo ujifunzie, nje, penye upepo.

Nije kwa huyo mnunuzi wako na hoja yake kwamba magari haya hayajawahi kuwepo. Hapa amenigusa, maana kwangu hii ndiyo raha yenyewe ya kukusanya. Mengi yalikuwepo. Alfa Romeo Carabo lilichorwa na Marcello Gandini kwenye karakana ya Bertone na kuonyeshwa Paris mwaka 1968, bapa hivyohivyo, na milango inayoinuka kwenda juu. Miaka mitatu baadaye Gandini yuleyule akaitumia milango ya aina hiyo kwenye Lamborghini Countach. Gari lenyewe lilibaki la maonyesho, lakini Matchbox na Hot Wheels wote walilitolea kigari, hivyo watoto wa Liverpool na Los Angeles wakalimiliki gari ambalo tajiri hakuweza kulinunua.

Au chukua Deora, mojawapo ya vigari 16 vya kwanza vya Hot Wheels mwaka 1968. Ilikuwa pikapu ya Dodge iliyogeuzwa na ndugu wawili wa Detroit, Alexander, kwa michoro ya Harry Bradley. Haikuwa na mlango wa ubavuni. Dereva aliingia kwa mbele, kioo kikiinuliwa juu. Mwaka 1967 ikashinda tuzo ya Ridler, ambayo kwa watengenezaji wa magari ya kubuni nchini Marekani ni heshima kubwa. Bradley huyohuyo ndiye aliyeitwa Mattel kuchora vigari vya kwanza. Beatnik Bandit la mbunifu wa magari Ed Roth, lenye paa la kiputo cha plastiki na usukani wa kijiti kimoja, nalo lilitangulia kuwa gari kamili kabla ya kuwa la mkononi. Na Twin Mill lako limekwenda njia ya kinyume: lilianza kama kigari, kisha baadaye Mattel wakagharimia gari kubwa linalotembea, lenye injini zake mbili mbele.

Kuhusu soko, ana nusu ya ukweli. Kwa jumla wanunuzi wengi huvutwa na gari walilowahi kuliona barabarani au walilotamani kulinunua, hivyo Camaro au Volkswagen ya mwaka huohuo, yenye hali ileile, mara nyingi itapita bei ya gari la kubuni. Kigari mashuhuri kuliko vyote vya Hot Wheels ni basi la Volkswagen la 1969, lile la majaribio lenye mbao za kuteleza baharini zilizochomekwa nyuma. Lilikuwa jembamba mno kwa mashine ya kurushia vigari, likabadilishwa, ndiyo maana machache yaliyobaki yanagombaniwa. Uadimu wa aina hiyo Twin Mill haina. Kufikia 2008 Mattel walikuwa wametengeneza Hot Wheels bilioni 4. Wingi huo ukumbuke kila unaposikia neno mamilioni.

Lakini kusema hayana soko ni uongo. Yapo watu wanaokusanya magari ya ndoto peke yake, nami huwaelewa. Bei yao inategemea hali ya kigari, rangi yake (zipo zilizotoka chache), na kama boksi au kifungashio chake kipo. Nikikutajia kiasi hapa bila kukiona nitakuwa nabahatisha na mali yako. Ninachoweza kukufundisha ni namna ya kutazama bei: puuza bei wanazoomba wauzaji mtandaoni, tafuta zile ambazo vitu viliuzwa kweli na fedha ikalipwa, kisha linganisha na chenye kasoro sawa na chako. Cha Dinky, kwa hali uliyonieleza, usitegemee fedha nyingi. Wanunuzi hukikimbia kwa kuwa wanajua kinaendelea kuoza.

Unaye kaka Uingereza, na hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu soko la Dinky na Matchbox liko huko zaidi kuliko kwetu. Piga picha kwenye mwanga wa asubuhi karibu na dirisha: juu, ubavu, chini, na ribiti kwa ukaribu. Amtumie mpiga mnada wa vitu vya kuchezea, kwa mfano Vectis walioko Thornaby, kaskazini mwa Uingereza, kazi yao ndiyo hiyo. Aulize mapema ada ya kuuza na gharama nyingine, maana mnada hula sehemu yake. Ikiwa Twin Mill imetimiza masharti yote niliyotaja, safari ijayo arudi nayo mkononi akaionyeshe ana kwa ana. Uamuzi wa mwisho juu ya rangi ya asili na iliyorudiwa haufanywi kwa picha ya simu.

Limebaki kabati. Tembe za mende zitoe leo. Nyingi ni naftalini, na mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki, kwa hiyo madirisha na vipande vya plastiki vinaweza kuharibika huku ukidhani unavilinda. Kabati la mbao nalo si rafiki wa zinki: mbao, hasa mpya, na maboksi ya karatasi duni hutoa mvuke wa tindikali unaokula madini haya polepole. Kwa hewa ya Tanga yenye chumvi na unyevu, tafuta kontena la plastiki ngumu lenye mfuniko unaobana, la aina ya kuhifadhia chakula. Tia ndani vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya au vifaa vya umeme, na uvibadilishe vikishiba. Kila kigari kifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa kikakauka vizuri. Magazeti hapana, na mifuko laini ya plastiki hapana. Matairi laini yasigusane na mwili wa kigari kingine, hasa kwa miezi, kwani huacha alama. Jua la dirishani halifai, na juu ya friji ambako kuna joto la mara kwa mara pia hapafai. Kontena likae juu, mbali na mikono ya mtoto.

Na huyo wa laki mbili, mwambie kwa upole kwamba unasubiri majibu kutoka Uingereza. Mnunuzi wa kweli wa vitu hivi amezoea kusubiri. Akisisitiza iwe leo, muulize ni kipi hasa kati ya vitatu anachokitaka, na umwombe akueleze kwa nini.